Kestrel 5700 Elite: Kifaa Kiko Mkononi, Yadi 1,000 Utazipata Wapi?

Habari zenu wadau, karibuni. Hii hapa ndiyo Kestrel 5700 Elite, kile kipima hewa chenye kikokotoo cha balistiki ndani yake, yaani cha kukokotoa njia ya risasi kwa wapiga shabaha. Swali mnalonitumia kila siku ni moja: kwa nini nitoe dola 700 na kitu wakati kwenye simu kuna programu za bure? Jibu langu litawaudhi baadhi yenu, maana mimi nakuuliza kwanza: una pa kupigia?

Tuone kazi inayotakiwa kufanyika. Chukua bunduki ya .308 Winchester, risasi yenye uzito wa greni 175, inatoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2,600 kwa sekunde, kama mita 790 hivi. Bunduki umeipanga kwa yadi 100, yaani hapo risasi inapiga pale pale darubini inapotazama. Sogeza shabaha mpaka yadi 1,000: risasi ile ile itashuka zaidi ya mita 10 chini ya pale darubini inapotazama. Mita kumi, jamani! Na itakaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu, upepo ukiisukuma inavyotaka. Upepo wa ubavu wa maili 10 kwa saa, ambao wewe ukisimama unaona ni wa kupunga tu, unaihamisha zaidi ya mita 2.

Sasa sogeeni hapa kwenye kioo. Feni hii ndogo juu inapima upepo. Vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa vimo ndani. Nakishika hivi, nauelekezea upepo uso wake, naingiza umbali wa shabaha, na kinanipa namba mbili ninazozihitaji: nipandishe lengo kiasi gani, nilisogeze kando kiasi gani. Basi.

Ule mgandamizo ndio unaowaponza watu wa simu. Taarifa ya hali ya hewa hukupa namba iliyokwisha kurekebishwa ilingane na usawa wa bahari. Ukiwa kwenye uwanja wa Whittington Center kule Raton, New Mexico, uko zaidi ya futi 6,000 juu, na hewa halisi ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Ukiingiza namba ya taarifa kana kwamba ni ya pale uliposimama, risasi itapita juu ya shabaha kwa zaidi ya mili 1 (kipimo cha pembe cha darubini), na kwa yadi 1,000 mili 1 ni sentimita 91. Kestrel inapima hewa ya hapo hapo, haina haja ya kuuliza mtandao. Huko milimani mtandao wenyewe uko wapi?

Udhaifu wake sasa. Kinapima upepo wa pale ulipo, si wa bondeni katikati, wala wa kule kwenye shabaha. Huo utausoma kwa macho: nyasi, vumbi, mvuke wa joto unavyocheza kwenye darubini. Pia hakijui kasi ya risasi yako, unaiingiza mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini, kwa sababu kiwanda hakikupima kwa mtutu wako. Tofauti ya futi 30 kwa sekunde ni kama sentimita 25 au zaidi kule mwisho. Kwa hiyo rada ndogo ya kupima kasi, kama Garmin Xero, naiweka mbele ya Kestrel kwenye orodha ya manunuzi.

Haya, uwanja. Viwanja vingi vya mjini hapa Marekani vinaishia yadi 25 ndani, au 100 na 200 nje, na huko simu inatosha kabisa. Ukitaka mbali, uwanja wa Ben Avery karibu na Phoenix una sehemu ya yadi 1,000. Talladega, Alabama, kuna uwanja wa CMP (Civilian Marksmanship Program, shirika la ulengaji shabaha kwa raia) uliofunguliwa 2015: yadi 600, shabaha za kielektroniki, tundu unaliona kwenye kioo pembeni yako bila kutembea. Kwa anayeanza, mimi ningempeleka huko. Walio Uingereza wana viwanja vya Bisley, na kimojawapo, Stickledown, kinafika yadi 1,200. Popote uendako, piga simu kwanza. Viwanja vingi vinadai uthibitisho wa usalama au uanachama kabla ya kukuruhusu kwenye mstari wa kupigia mbali, na vingine hufungua mstari huo siku za klabu tu.

Walio nyumbani Kenya na Tanzania, sheria za silaha ni nyingine kabisa. Anzeni na leseni na klabu inayotambulika, kifaa baadaye.

Bei? Kama unafika yadi 600 na kuendelea mara kwa mara, nunua, na chukua yenye Bluetooth ili uingize data za bunduki kupitia simu, maana vitufe hivi ni vidogo na menyu zake zinachosha. Inatumia betri moja ya AA, ya dukani tu, na feni ikivunjika unaibadilisha mwenyewe. Kama uwanja wako unaishia yadi 200, hizo dola nunulia risasi.