Kabla hujanunua DVR ya CCTV, ulizia kwanza inabana video vipi

Wadau, mtu akienda Kariakoo kununua CCTV swali la kwanza ni megapikseli ngapi, hakuna anayeuliza DVR, ile mashine ya kurekodi, inabana video vipi, yaani inaipunguzaje ukubwa, na hapo ndipo inapojulikana ukirudi nyuma utakuta rekodi za siku ngapi. Mimi dukani mzigo ulikuwa unapungua kidogo kidogo, nimekuja kushtuka siku ya tisa, kufungua mashine rekodi zinaanzia siku tano nyuma, za kabla ya hapo zimeshafutwa zenyewe. Iliniuma mno.

Hesabu yake iko hivi. Kamera ya megapikseli 2 kwa H.264, njia ya zamani ya kubana video, ukiiseti 4 Mbps (megabiti 4 kwa sekunde) inakula kama GB 43 kwa siku, kamera nne GB 172 na ushee, kwa hiyo hadidiski ya TB 1 haimalizi siku ya sita. H.265, njia mpya yake iliyokuja 2013 miaka kumi baada ya H.264, inaleta picha ileile kwa karibu nusu ya hapo, basi diski hiyohiyo inakupeleka siku 11.

Sasa ununue ipi? Namba moja kwangu ni DVR ya H.265 yenye plasi, kampuni ya Hikvision wanaiita H.265+ na Dahua wana ya kwao Smart H.265+. Dukani au stoo ukuta na shelfu hazitembei, sasa mashine haihangaiki kuzirekodi upya kila saa, nguvu inaweka kwa anayepita, na usiku pametulia inatumia kidogo sana. Ila kamera ikiangalia barabara yenye bodaboda muda wote au mti unaotikiswa na upepo, usitegemee maajabu.

Namba mbili H.265 ya kawaida, hasa ukichanganya kamera za kampuni tofauti. Na hapa wengi wanapigwa: kwenye DVR ya waya wa koaksia mashine ndiyo inabana, lakini kwenye NVR, mashine ya kurekodi kamera za mtandao, kamera yenyewe ndiyo inabana, kwa hiyo ukinunua NVR ya H.265 na kamera za zamani za H.264 hujaokoa kitu.

Namba tatu kamera ya wifi yenye memori kadi, kwa sebuleni tu inatosha. Kadi ya GB 128 kwa 2 Mbps ni siku sita kasoro.

Ya mwisho DVR ya H.264 ya mtumba, chukua kama tu chenji inayobaki inakununulia diski ya TB 2.

Ukishanunua usimwachie fundi aondoke kabla hujaona setingi. Mwambie afungue sehemu ya video, unaweza kukuta mashine inajua H.265 lakini imeachwa kwenye H.264. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kuona mkono wa mtu kwenye droo. Halafu weka taa usiku, maana giza linaleta chenga na kwa mashine kila chenga ni kitu kinachotembea, basi inajaza diski bure au picha inavurugika. Ile strimu ndogo ya kuangalizia kwenye simu iache H.264, simu na brauza nyingine zinagoma kufungua H.265 na utadhani kamera imekufa.