Flaski ya msosi ya mdomo mpana, miezi 5 nikiwa nayo saiti

Mi nabeba tofali na kumwaga zege, tunaanza saa 1 asubuhi na kula ni saa 7 mchana, kwahiyo chakula nilichobeba ndo kinaamua kama jioni nitakua bado na nguvu au nitakua naburuza miguu. Nilipoamua kupunguza wanga nilianza vibaya kweli, nilitoa wali nikaweka majani na mayai mawili kwenye kontena la plastiki, imefika saa 9 mikono inatetemeka. Nikajua hii kitu ni ya wanaokaa kwenye kiti tu. Kumbe kosa halikua kutoa wanga, kosa ni kwamba nimetoa na sijajaza pengo. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na majani sehemu yake kubwa ni maji tu, sasa mtu wa kubeba tofali atashiba na nini hapo?

Inatakiwa nyama yenye mafuta yake, mchuzi mzito, mboga iliyoiva humohumo. Na mchuzi ukipoa mafuta yanaganda juu, haulikeki. Ndo nikanunua flaski, ile ya stenlesi yenye kuta mbili na katikati hamna hewa.

Ya kwanza ilikua ya nusu lita, usinunue hiyo kama kazi yako ni ya mwili, haitoshi kabisa. Ninayotumia sasa ni mililita 750, mdomo mpana, kijiko kinafika chini na kuosha mkono unaingia wote. Hilo la mkono kuingia dukani hulifikirii ila utalikumbuka siku mchuzi umeganda kule chini kwenye kona.

Kuhusu joto, wengi wanasema flaski haitunzi joto na mimi wiki ya kwanza nililalamika hivohivo. Unaijaza kwanza maji yanayochemka, unafunga, unaacha dakika 10, unamwaga, ndo unaweka chakula kikiwa kinatokota toka kwenye sufuria, na unajaza mpaka karibu na juu maana nafasi tupu inapoza. Niliazima kipimajoto cha jikoni nikapima mwenyewe, nafunga saa 11 na nusu alfajiri nafungua saa 7, bila yale maji ya moto nilikuta nyuzi 47, nilipoyatumia nikakuta 62. Na sio suala la ladha tu jamani, bakteria wanazaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na 60, kwahiyo chakula cha vuguvugu kilichokaa masaa yote hayo kinaweza kukuumiza tumbo.

Humo ndani naweka mapaja ya kuku na ngozi yake, kabichi na biringanya, siku nyingine nyama ya kusaga na maharage kidogo. Ndio maharage yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi na mi silengi sifuri, nalenga kufika saa 11 jioni nikiwa nimesimama vizuri. Pembeni mayai 2 ya kuchemsha, kila moja protini kama gramu 6, karanga kiganja kimoja, na parachichi zima silikati nyumbani linakua jeusi, nalipasua palepale. Vya kukaanga usiweke, mvuke unavilainisha vinakua kama sponji.

Alafu chumvi. Ukipunguza wanga figo zinatoa sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) nyingi zaidi, na jasho nalo linatoa, mi siku za mwanzo kichwa kiliuma na misuli ya mguu ikawa inakaza usiku, nilipoanza kunywa mchuzi wote wenye chumvi ikaisha. Ila kama una presha au unatumia dawa za kisukari ongea na daktari kwanza, dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Ubaya wake ni kifuniko. Mpira wake unashika harufu, nauloweka kwenye maji na siki usiku mmoja inapungua sio kwamba inaisha. Siku moja niliurudisha kichwa chini baada ya kuosha, mchuzi wote ukamwagika kwenye begi, glavu zikalowa mafuta, na nikashinda na karanga tu siku ya zege. Nimerudi kwa aliyeniuzia kuuliza mpira wa akiba ananiambia hauuzwi peke yake ninunue flaski nyingine, imeniuma sana kwasababu chuma chenyewe bado kizima, kimeanguka toka jukwaani mara mbili na kimebonyea tu ubavuni, joto lipo vilevile.

Kwahiyo chukua ya 750, na kabla hujatoa hela uliza kama mpira wake unapatikana.