Uduvi wekundu waliozaliwa Lubumbashi: uzoefu wangu na mfugaji wa Kampemba

Nianze na jibu, maana wengi wanaosoma wanataka kujua kama pesa yao itapotea. Kama uko Lubumbashi na unatamani uduvi wa akwariamu, nunua waliozaliwa hapa hapa, kwenye maji yetu, na achana na wa kuagiza Johannesburg hata kama picha zao zinametameta. Nimenunua kwa pande zote mbili na bado nafuga, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Ninaowazungumzia ni wale wekundu wadogo wa maji yasiyo na chumvi wanaoitwa cheri, kwa jina la kitaalamu Neocaridina davidi. Asili yao ni vijito vya China na Taiwan, na huko porini hawana wekundu wowote, wana rangi ya tope tu. Wekundu wameupata kwa wafugaji, kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Jike aliyekomaa anafika sentimita 3 hivi, na umri wao ni mwaka mmoja au miwili. Mama mkwe alipoona tangi sebuleni aliuliza tutawala lini na bukari, yaani ugali. Nikamwambia kwa bei yao, heri tununue ndakala, dagaa wakavu, gunia zima.

Wale wa kwanza walitoka Afrika Kusini. Muuzaji simtaji, kwa sababu kazi yake aliifanya vizuri: walifungwa kwenye mifuko imara, kila mfuko na kipande cha mosi, majani laini ya majini, ili wapate pa kushikilia, na wote walitua uwanja wa ndege wa Luano wakiwa hai. Ila ukijumlisha bei, mzigo wa ndege na mtu wa kuupokea, kila uduvi alinifikia kwa zaidi ya dola 6. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mchana anakula vizuri, kesho yake unamkuta amelala ubavu, na nyuma ya kichwa ana mstari mweupe unaomzunguka kama pete. Huyo amekwama akijivua gamba. Gamba limepasuka mahali pasipotakiwa, na mwenyewe hana nguvu ya kutoka.

Sababu ni maji. Wafugaji wengi wa nje hutengeneza maji yao: wanayachuja mpaka yabaki matupu, halafu wanaongeza madini kwa kipimo. Uduvi aliyezoea hivyo ukimleta kwenye maji ya kisima cha Lubumbashi, mwili wake unalazimika kujifunza upya. Sehemu kadhaa za mji huu zimekaa juu ya dolomiti, mwamba wenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na maji yanayopita humo yanatoka mazito. Kwa cheri uzito huo si ubaya hata kidogo, maana kalsiamu ndiyo wanayojengea gamba. Kinachowaua ni mabadiliko ya ghafla.

Ndipo nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa Kampemba, hapa hapa mjini, anayewazalisha nyumbani kwao, kwenye matangi yaliyopangwa ukutani juu ya vyuma vya kuchomelea. Nilikwenda na pesa mkononi. Hakuzigusa.

"Mama, unatumia maji ya bomba ao ya kisima?"

Ya kisima, nikasema.

"Basi uniletee kwanza chupa moja nipime. Na tangi ina muda gani? Iko na uchafu wa kijani kwenye kioo?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akatazama kona moja baada ya nyingine, halafu akauliza swali ambalo hakuna muuzaji wa nje angeliuliza: "Na malakiti, hauna mule ndani?"

Kwa mtu wa Katanga swali hilo lina uzito. Nyumba nyingi hapa zina kipande cha malakiti kabatini, jiwe zuri la kijani lenye mistari, na mtu akinunua akwariamu wazo la kwanza ni kulitia humo lipendeze. Malakiti ni shaba. Ndani ya maji inaachia shaba kidogo kidogo, na kwa uduvi kiasi ambacho samaki hata hakisikii kinatosha kuua. Ajabu ni kwamba damu ya uduvi yenyewe hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, tofauti na yetu inayotumia chuma. Anaihitaji, ila chembe tu. Na sisi tunaishi kwenye mji ambao umeyeyusha shaba tangu mwaka 1911! Kwa hiyo usiokote changarawe wala mawe ovyo, na udongo wa upande ambao upepo umekuwa ukipeleka moshi wa lile bomba refu la kiwanda cha shaba usiuingize kabisa. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati sitayatumia pia, hasa yale ya kwanza baada ya kiangazi, yanayoosha vumbi la miezi yote. Maji moto ya mtungi wa umeme yaliyolala ndani ya mabomba ya shaba, vivyo hivyo. Dawa nyingi za kuua konokono na za kutibu samaki zina shaba pia, soma karatasi yake kabla ya kumimina.

Onyo lake la pili lilikuwa dawa ya mbu. Ile ya kupuliza ina sumu ya wadudu, na uduvi ni jamaa wa karibu wa wadudu, haina huruma naye. Chumba chenye tangi hakipulizwi, basi. Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: usikate chandarua cha zamani cha kitandani kutengeneza wavu wa kuwavulia, kwa sababu vyandarua vile vimelowekwa dawa. Anauza vyavu vidogo vya tulle, kitambaa chepesi chenye matundu, alivyoshona dada yake, na hivyo ndivyo ninavyotumia.

Niliporudi na chupa, alichovya kalamu ya kupimia madini kwenye maji yangu, kisha kwenye yake, akanionyesha namba zote mbili. Zilikaribiana. Hapo ndipo alipokubali kuniuzia, dola moja na nusu kwa mmoja, na akakataa kupunguza, ila aliongeza majike wawili waliobeba mayai. Tulilipana kwa simu. Akanifungia kwenye mfuko wa kawaida, maji theluthi, hewa theluthi mbili, akaufunika na gazeti kwa ajili ya jua. Akanipa na mpira mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa fundo katikati: upande mmoja uingie kwenye tangi, mwingine kwenye ndoo yenye uduvi, maji yadondoke tone tone kwa saa moja na zaidi kabla ya kuwahamisha. Fundo ndilo linalopunguza kasi. Ukiwa na haraka, usinunue uduvi siku hiyo.

Hakufa hata mmoja katika wiki zile ambazo wa Johannesburg walikuwa wakinifia. Walipofika tu walitawanyika kwenye majani na kuanza kazi yao ya siku zote, kuparura utando wa kijani kwa mikono midogo inayopishana kwenda mdomoni bila kupumzika. Chakula cha duka nawapa kidogo sana. Wanachopenda ni lengalenga (mchicha) iliyochemshwa kidogo mpaka ikalainika, na jani kavu la mpera linalokaa chini likioza taratibu. Lengalenga naichuma kwenye bustani yetu. Ya sokoni sijui imepuliziwa nini.

Kuzaliana kwao ndiko kunakonifanya nikae mbele ya kioo na chai ikapoa. Jike anayejiandaa unamjua kwa doa la manjano au kijani mgongoni, nyuma ya kichwa: hayo ni mayai yakiwa bado ndani. Akishajivua gamba anaachia harufu majini, na madume wote wanapagawa, wanazunguka tangi juu chini wakimtafuta. Baada ya hapo mayai yanahamia chini ya tumbo, ishirini au thelathini hivi, na mama anayapepea kwa miguu yake ya kuogelea usiku na mchana ili yapate hewa na yasishike ukungu. Yai lililoharibika analitoa. Siku za mwisho, ukisogea na tochi, unaona ndani ya kila yai vijidoti viwili vyeusi, macho. Wanatotoka wakiwa tayari uduvi kamili wa milimita 2 hivi, hawapitii hatua ya kiluwiluwi. Hilo ndilo linalowafanya cheri wafugike na kila mtu. Mjini kuna anayeuza wale wakubwa wanaokula mwani, wa Amano, akiahidi kwamba watazaa nyumbani. Hawatazaa wakakua: watoto wao wanahitaji maji ya chumvi kwanza.

Nilipoona kijana ana tangi moja la uduvi wenye mistari myeupe na myekundu, wale walioanzia kwa Hisayasu Suzuki huko Japani miaka ya 1990, nilitamani. Mwenyewe akanikataza. Wanataka maji laini yenye asidi kidogo, yaani kinyume kabisa cha visima vyetu, na yeye anawatunza kwa maji ya kuchuja yanayomgharimu. Muuzaji anayekukataza kununua bidhaa yake ya bei kubwa, mimi namrudia.

Kuhusu baridi: Juni na Julai usiku Lubumbashi unashuka chini ya nyuzi 10, na watu huniuliza kama ni lazima kununua kifaa cha kupasha maji. Kwa cheri, hapana, kama tangi liko ndani ya nyumba. Langu lilishuka hadi nyuzi 17, wakatulia, wakaacha kubeba mayai, na joto liliporudi wakaendelea. Oktoba ndiyo ya kuogopa. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na umeme ukikatika mchana wa Oktoba chujio la sponji linasimama, uduvi wote wanapanda juu ya maji. Nina pampu ndogo inayochomekwa kwenye betri ya kuchajia simu, na betri yenyewe naichaji kwa paneli ya jua. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, na ningeuza vingine vyote nikabaki nacho.

Sasa nami nauza, kidogo. Wanunuzi wangu ni wazazi wa mitaa ya Golf na Bel-Air wenye watoto wanaotaka mnyama asiye na kelele. Faida yake inalipa umeme wa tangi na sabuni, haizidi hapo, na anayekuambia utajitajirisha kwa uduvi anataka kukuuzia matangi. Kazi iko kwenye kuchagua: waliofifia unawatenga wasizae na wengine, la sivyo baada ya vizazi vichache tangi zima linarudia rangi ya tope. Ukichanganya wekundu na wa bluu ni hivyo hivyo, maana ni aina moja na wanapandana. Waliotengwa nampa jirani mwenye samaki. Kuwamwaga mtoni Kafubu, kamwe. Kambakoko wa Australia, Cherax quadricarinatus, walitoroka mashambani Zambia na sasa wako mto Kafue na ziwa Kariba, wanawaharibia wavuvi nyavu na samaki. Hatuhitaji balaa kama hilo la kwetu.

Malalamiko ninayo. Kijana hapokei simu Jumapili, hilo nimelisamehe, ni mtu wa kanisa. Jike akifa ndani ya siku za kwanza harudishi pesa, anabadilisha tu, na ni lazima upeleke picha na kipimo cha maji. Ila jambo linaloniudhi ni chakula: ananunua mfuko mkubwa, anagawa kwenye vifuko vya plastiki bila jina wala tarehe, halafu anakuuzia. Mtu aliyeniuliza kuhusu malakiti anawezaje kunipa unga nisiojua una nini ndani? Nimemwambia, akacheka. Kati ya nyota tano nampa nne, na ya tano iko kwangu mpaka aanze kubandika karatasi kwenye vile vifuko.