Mashine ya Kurusha Theluji: Ipi Inunuliwe Kwanza, na Itunzwe Vipi Isikule Kidole

Kabla hujatazama bei, nenda ukasimame mdomoni mwa njia ya gari ya nyumbani kwako mara tu gari la manispaa likishapita kusukuma theluji barabarani. Lile tuta linaloachwa pale, theluji iliyoshindiliwa pamoja na chumvi na mabonge ya barafu, ndilo linaloamua ununue mashine gani. Theluji laini iliyolala uani hata koleo inaiweza.

Aliyezoea jenereta au mashine ya petroli ya kukata nyasi hatapata taabu na injini, kwa kuwa ni ileile ya silinda moja na mipigo minne. Kigeni ni kile kinachozunguka mbele, na hicho ndicho cha kuheshimu.

Mpangilio huu unafikiria nyumba ya kawaida kule Minnesota, Maine au Buffalo nchini Marekani, au Ontario nchini Kanada: njia ya lami au zege inayotosha magari mawili, na tuta la manispaa mara kadhaa kila msimu.

Namba 1: Petroli, hatua mbili, upana wa inchi 24

Parafujo la chuma, yaani skrubu kubwa inayozunguka mdomoni mwa mashine, huzoa theluji na kuileta katikati, kisha feni iliyo nyuma yake huirusha kupitia bomba linalogeuzwa. Kwa kuwa ni kazi mbili, kibandiko cha dukani kitasema two-stage. Magurudumu huendeshwa na injini, kwa hiyo wewe unaongoza tu. Injini ya cc 200 hadi 250 inatosha kabisa. Parafujo haligusi ardhi, hivyo hata njia ya changarawe inawezekana. Mashine mpya hugharimu takriban dola 1,000 hadi 1,500.

Wauzaji watakuvuta kwenye inchi 28 au 30. Usivutike. Ukubwa huo unaongeza uzito juu ya kilo 90 na zaidi za ile ya inchi 24, na mashine huwa haipiti kwenye kijia cha pembeni ya nyumba. Pesa ya ziada iweke kwenye kifaa cha kuachia gurudumu moja ili mashine igeuke kwa urahisi, na kwenye giaboksi imara ya parafujo. Vishikio vyenye joto ni anasa, mpaka siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Namba 2: Petroli, hatua moja, inchi 21

Hapa parafujo ni la mapanga ya mpira. Huzoa na kurusha papo hapo, na kwa kuwa mpira unagusa ardhi, lami hubaki safi kuliko inavyosafishwa na mashine ya hatua mbili. Ina kilo 40 hivi, inabebeka kwenye buti la gari, na bei yake ni ya chini. Kwa theluji isiyozidi sentimita 20 na njia fupi, hii ndiyo chaguo la busara. Tuta lililoganda itaruka juu yake badala ya kulila. Kwenye changarawe usiithubutu: mpira hurusha kokoto hadi dirishani kwa jirani.

Ukiipata iliyotumika, uliza kama ni ya mipigo miwili. Za zamani nyingi ni hivyo na zinataka petroli iliyochanganywa na oili. Ukitia petroli tupu, pistoni hukwama.

Namba 3: Betri

Haina kabureta, haina moshi, inawaka kwa kitufe. Baridi ndiyo hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo betri zilale ndani ya nyumba na zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0. Inafaa zaidi kwa aliye na betri za aina hiyohiyo za mashine ya nyasi. Asiye nazo, bei ya betri itamrudisha kwenye petroli.

Namba 4: Petroli, hatua tatu

Ina kizungushi cha ziada katikati kinachosaga mabonge na kuyasukumia feni. Hula tuta haraka, lakini ni nzito, ina vyuma vingi vya kuharibika, na kwa njia fupi ni pesa iliyomwagwa. Aliye na njia ndefu ya shambani aipandishe hadi namba 1.

Namba 5: Umeme wa waya

Ni rahisi kwa bei, ya kusafisha ngazi na baraza. Kwa waya wa mita 30 nunua ule mnene wa geji 12, wa nje. Mwembamba hupata moto na kuinyima mota nguvu. Na waya wenyewe hupenda kumezwa.

Ukinunua iliyotumika

Wageni wengi wa nchi hizi huanzia hapa, na hapa ndipo pana mitego. Fika ukaguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili unuse: oili yenye harufu ya petroli mara nyingi ina maana kabureta inavujisha mafuta hadi ndani ya injini. Fungua tangi pia. Petroli iliyochacha hunuka kama vanishi.

Kisha toa ufunguo, vua waya wa plagi, ukague parafujo. Kila upande umefungwa kwenye mhimili kwa pini laini iliyotengenezwa ikatike mashine ikimeza jiwe au gazeti lililoganda. Ukikuta bolti ngumu ya kawaida mahali pa pini hiyo, ondoka: jiwe linalofuata halitakata bolti, litavunja giaboksi, na giaboksi inaweza kugharimu zaidi ya mashine kuukuu. Mwombe muuzaji azichomoe pini, halafu zungusha parafujo kwa fimbo. Linapaswa kuzunguka bure juu ya mhimili. Likiwa limeshikwa na kutu, pini hazilindi tena chochote, hata ziwe halisi. Wanunuzi wachache sana hufanya kipimo hiki.

Rudisha pini, washa mashine, bana wenzo wa kishikioni unaozungusha parafujo, kisha uachie. Lisiposimama ndani ya sekunde 5, mkanda au kebo inataka kurekebishwa. Ukikuta wenzo umefungwa kwa kamba ili usiachie, jua mwenye mashine hakuogopa kitu, na huenda hakutunza kitu. Mwisho, sukuma mashine kwenye lundo la theluji: magurudumu yakikwama huku injini ikiunguruma, diski ya mpira inayoyaendesha imechakaa au imepakwa grisi.

Jinsi vidole vinavyopotea

Ajali mbaya za mashine hii hutokea bomba likiziba, hasa siku ya theluji yenye maji. Mtu huzima injini na kutia mkono. Tatizo ni kwamba theluji iliyokwama imeshikilia feni huku nguvu ikiwa bado imehifadhiwa kwenye mkanda. Kizibo kikilegea, feni hujizungusha ghafla hata kama injini imezimwa, na kipande kidogo tu cha mzunguko kinatosha.

Utaratibu ni huu: achia wenzo zote, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame kabisa, kisha zibua kwa kijiti cha plastiki kilichobanwa juu ya mashine au kwa fimbo nene. Mkono hauingii, hata wenye glavu.

Kuziba kwenyewe kunapunguzwa kwa kuendesha injini kwa kasi kamili na magurudumu kwa gia ya chini. Kwenye tuta zoa nusu ya upana tu. Silikoni ya kupulizia ndani ya bomba nayo husaidia.

Usiwashe ndani ya banda la gari hata mlango ukiwa wazi. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Petroli itiwe nje, injini ikiwa imepoa.

Kuwasha na kutunza

Fungua koki ya mafuta, funga choki, peleka mkono wa kasi kwenye alama ya sungura, bonyeza pampu ya mpira mara 2 au 3, vuta kamba. Ikishawaka, fungua choki taratibu. Ukimaliza kazi, acha parafujo lizunguke dakika moja likitema theluji, la sivyo kesho utalikuta limeganda.

Petroli iwe mbichi na ethanoli isizidi asilimia 10. Mafuta yaliyokaa huacha gundi kwenye kabureta, na ndiyo sababu kubwa ya mashine kukataa kuwaka Desemba. Changanya dawa ya kuhifadhi petroli tangu siku ya kununua, na msimu ukiisha funga koki uiache injini inywe hadi izime yenyewe. Oili ni 5W-30: badilisha baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 50 au kila msimu. Mara moja kwa msimu chomoa pini, pampu grisi kwenye mhimili wa parafujo, uzungushe, urudishe pini. Viatu vya pembeni, yaani vyuma viwili vinavyobeba sehemu ya mbele, virekebishwe ili kibao cha kukwangua kilicho chini ya mdomo kiwe milimita 3 juu ya lami, au milimita 25 hadi 30 juu ya changarawe.

Siku ya kulipia, weka kwenye kikapu pini 4 za modeli hiyohiyo, mkanda mmoja wa parafujo na plagi moja. Pini hukatika usiku wa dhoruba, na usiku huo maduka yamefungwa.