Uchambuzi wa filamu: Dance, Fools, Dance (1931), mwandishi wa habari ndani ya genge la pombe

Watazamaji wapendwa, karibuni. Filamu ninayoichambua leo inaitwa Dance, Fools, Dance. Ilitengenezwa na kampuni ya filamu ya MGM, ikaongozwa na Harry Beaumont na kutoka mwezi Februari 1931. Ina urefu wa takriban dakika 80 na picha zake ni nyeusi na nyeupe. Joan Crawford ndiye mhusika mkuu, na Clark Gable, ambaye wakati huo alikuwa bado hajapata jina, anacheza mkuu wa genge la pombe ya magendo. Nawashauri muitazame, hasa ninyi mnaofanya kazi ya habari, kwa sababu dakika zake za mwisho zinaonyesha gharama ya kuripoti kwa namna ambayo filamu nyingi zilizokuja baadaye, zenye fedha nyingi zaidi, hazikuifikia. Nitakieleza kisa hadi mwisho, kwa hiyo asiyetaka kukijua mapema aitazame filamu kwanza, kisha arejee hapa.

Bonnie Jordan na nduguye Rodney ni watoto wa tajiri wa hisa. Tunawakuta kwenye yoti, usiku, vijana wenzao wakivua nguo za sherehe na kujitosa baharini wakiwa na nguo za ndani tu, jambo ambalo Hollywood isingeliruhusu baada ya 1934, kanuni za maadili zilipoanza kusimamiwa kwa ukali. Kisha soko la hisa linaporomoka, baba anafariki papo hapo sokoni, na mali yote inayeyuka. Bonnie anatafuta kazi gazetini na kuanza na habari ndogo ndogo, akishikwa mkono na mwandishi mzoefu, Bert Scranton. Rodney hataki jasho. Anajiunga na genge la Jake Luva na kuwauzia pombe rafiki zake wa zamani, kwa kuwa Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920 na wenye fedha walikuwa hawajaacha kunywa.

Hapo ndipo filamu inapoingia kwenye matukio ambayo watazamaji wa 1931 walikuwa wameyasoma kwenye kurasa za mbele. Genge la Luva linawaua wapinzani wake gerejini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba huo ni mwangwi wa tarehe 14 Februari 1929, siku wanaume saba walipopangwa ukutani katika gereji moja ya Chicago na kumiminiwa risasi. Rodney ndiye dereva wa kazi hiyo. Anapolewa anaropoka mbele ya Bert, bila kujua anazungumza na mwandishi, na Luva anamlazimisha amuue Bert kwa mkono wake mwenyewe.

Kifo hicho nacho kina asili yake. Tarehe 9 Juni 1930, Jake Lingle, ripota wa Chicago Tribune, alipigwa risasi ya kisogo katika njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu, akielekea kupanda treni kwenda kwenye mbio za farasi. Mwanzoni mji mzima ulimlilia kama shujaa, na gazeti lake likatangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayefichua wauaji. Baadaye ikabainika kwamba mtu huyu aliyelipwa mshahara wa dola 65 kwa wiki alikuwa akiishi maisha ya kitajiri, na kwamba mkanda wake wenye bizimu ya almasi ulikuwa zawadi ya Al Capone, mkuu wa genge la Chicago. Lingle hakuwa hata mtu wa kuandika; alikusanya habari mitaani, akazisoma kwenye simu, na wenzake ofisini wakaziandika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na filamu hii. Imechukua kifo cha Lingle na kuacha bahasha zake za rushwa. Bert Scranton, anayechezwa kwa uchangamfu na Cliff Edwards, yule yule ambaye sauti yake ingesikika mwaka 1940 katika filamu ya katuni ya Pinocchio kama nyenje Jiminy Cricket, ni mtu safi kabisa. Nampenda kama mhusika, lakini usafi wake unaiepusha filamu na swali gumu kuliko yote: gazeti lifanye nini linapogundua kwamba marehemu wake alikuwa kibaraka wa magenge?

Gable anafidia sehemu ya upungufu huo. Mtazameni anapotokea mara ya kwanza: mwanamke anamwashia sigara, naye anampulizia moshi usoni, na kwa tendo hilo moja tunajua ni mtu wa aina gani, bila yeye kupandisha sauti. Bonnie anapojipenyeza katika klabu yake kama mnenguaji ili apate ushahidi wa mauaji ya Bert, hatari inaaminika kwa sababu ya utulivu wa mtu huyu.

Na sasa simu. Akiwa kwa Luva, Bonnie anapokea simu na kuisikia sauti ya Rodney; ndipo anapotambua muuaji anayemtafuta ni nani. Yanafuata mapigano ya bastola: Rodney anamuua Luva, kisha Rodney mwenyewe anakata roho mbele ya dada yake. Bonnie ananyanyua mkono wa simu, anapiga chumba cha habari, na kuisoma habari yote huku machozi yakimtiririka, pamoja na jina la nduguye. Hafichi lolote. Crawford hapa haigizi kwa mikono wala kwa macho makubwa ya enzi za filamu bubu. Sauti inakatika, anaivuta pumzi, anaendelea na sentensi inayofuata. Naiona kuwa kazi bora kuliko yote aliyoifanya kufikia mwaka huo.

Kuhusu ubora wa kiufundi, msitarajie mengi. Kamera hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, muziki wa kusindikiza ni haba, na baadhi ya mazungumzo ya mapenzi kati ya Bonnie na mchumba wake Bob yanachosha. Tafuteni nakala yenye sauti iliyosafishwa, kwa maana maneno ya chumba cha habari yanakwenda mbio. Wazazi, mauaji yapo ingawa damu haionyeshwi. Vijana wa sekondari wanaweza kuitazama.

Naipa alama 7 kati ya 10. Mkiimaliza, tazameni pia The Finger Points ya mwaka huo huo wa 1931, ambamo Richard Barthelmess ni ripota anayeanza kupokea fedha za majambazi, na anayemlipa ni Clark Gable tena. Hiyo ndiyo iliyothubutu kumwonyesha mwandishi wa aina ya Lingle.