Muuza matumbawe aliyekataa pesa zangu

Duka ninalolitathmini hapa liko katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, ndani ya karakana ya zamani nyuma ya barabara kuu, na kazi yake ni moja tu: kuuza matumbawe hai kwa watu wanaofuga bahari ndogo majumbani mwao. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina ya kulisifu na ya kulilaumu, na mwenye duka hayupo hapa kujitetea. Nimekuwa mteja wake kwa miezi minane, tangi langu ni la lita 60, na nimekwisha kuliingizia pesa ambazo mjomba wangu wa Mikindani, aliyekua akiona matumbawe yakichomwa tanurini ili kupata chokaa, hataki hata kuzisikia. "Mwanangu, jiwe la chokaa unalinunua kwa pauni?" aliniuliza kwenye simu, akacheka mpaka akapaliwa.

Jiwe hilo ni mnyama. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya nyama yao huishi mwani wa seli moja unaowapa chakula kwa nguvu ya mwanga; maji yakipata joto la kupita kiasi kwa siku kadhaa, mwani huo hutoka na tumbawe likapauka, kama ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Baharini maji ni mengi na hubadilika polepole, lakini katika lita 60 kosa la Jumatatu huonekana Ijumaa. Ndiyo maana muuzaji wa matumbawe nampima kwanza kwa maswali anayoniuliza kabla ya kupokea pesa.

Huyu aliuliza mengi. Siku ya kwanza niliingia na pauni 70 mfukoni, nikaelekeza kidole kwenye kipande cha tumbawe liitwalo Acropora, cha rangi ya zambarau. Alitaka kujua tangi lina umri gani, taa ni ya namna gani, kiwango cha alkali, yaani uwezo wa maji kustahimili asidi, kimekuwaje wiki baada ya wiki, na ninajazia maji gani. Nilipomjibu kwamba tangi lina wiki saba na kwamba alkali nimeipima mara mbili tu, alisema hataniuzia. Alinieleza kwamba matumbawe ya aina hiyo yanataka mwanga mkali, mkondo wa nguvu na maji yasiyoyumba, na kwamba tangi changa halijatulia kiasi cha kuyabeba. Badala yake alinipeleka kwenye beseni la chini, akaniuzia Discosoma mmoja, ambaye wafugaji humwita uyoga kwa umbo lake, pamoja na kipande cha tumbawe la Duncanopsammia chenye vichwa vitatu, vyote kwa pauni 22. Nilitoka nimenuna. Vyote viwili viko hai hadi leo, na sidhani kwamba ile Acropora ingemaliza mwezi.

Mwezi wa tatu nilirudi kutafuta Euphyllia, tumbawe lenye minyiri mirefu inayoyumba majini kama majani ya mwani. Nilichagua kipande kilichokuwa kimetanuka kuliko vyote. Mwenye duka alikitikisa taratibu ndani ya maji mpaka nyama ikasinyaa, akakitoa, akawasha tochi yenye mwanga mweupe na kunionyesha ukingo wa mfupa: upande mmoja palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama punje ya mchele, ambapo nyama ilikuwa imeanza kuachana na mfupa. Kipande hicho hakikurudi kwenye meza ya kuuzia bali kilipelekwa kwenye beseni la karantini, na mimi nikapewa kingine, kidogo zaidi na cha bei nafuu, ambacho nyama yake ilifunika ukingo pande zote. Tangu siku hiyo, popote ninapokwenda, huanza kutazama ukingo kabla sijavutwa na minyiri.

Vipande vingi anavyouza ni vipandikizi, yaani vimekatwa kutoka kwenye matumbawe mama yaliyomo dukani na kukuzwa juu ya visahani vidogo vya saruji. Jambo hili lina uzito kwangu. Matumbawe yenye mifupa yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hayavuki mipaka bila vibali, na Indonesia, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, ilisimamisha usafirishaji wake mwaka 2018 kabla ya kuruhusu tena yale yaliyokuzwa mashambani. Kipandikizi kilichozaliwa ndani ya tangi hakikuvunjwa kwenye mwamba wowote, na pia kimekwisha kuzoea maisha ya tangi, jambo linalompunguzia mnunuzi mashaka.

Sasa lawama, na ya kwanza ni taa. Mabeseni yote yanamulikwa kwa mwanga wa bluu, na chini yake kila kitu hung'aa kana kwamba kimewashwa kwa ndani. Zoanthus, jamaa laini wa matumbawe, niliyoinunua kwa sababu ilikuwa ya kijani cha kasuku ilifika nyumbani, chini ya taa yangu yenye weupe zaidi, ikawa ya rangi ya chai ya rangi. Hakuna udanganyifu hapo kwa maana ya sheria, na ukiomba utawashiwa taa nyeupe bila kinyongo. Lakini duka linalojua kukataa pesa lingeweza pia kuiwasha bila kuombwa. Vibandiko navyo vinaudhi, kwa kuwa vimejaa majina ya kibiashara yenye mbwembwe, na jina la kisayansi ambalo lingemsaidia mteja kusoma mahitaji ya mnyama wake mara nyingi halipo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Jumamosi moja mwenye duka hakuwapo, na kijana anayemsaidia aliniuzia tumbawe la Galaxea bila neno hata moja la tahadhari. Mchana lilionekana jiwe lenye nyota ndogo za kupendeza. Saa tano usiku niliangaza tochi, nikaona nyuzi nyembamba, nyeupe, zimenyooshwa zaidi ya sentimita kumi na kulala juu ya Caulastrea, tumbawe langu jingine lililokuwa jirani yake. Asubuhi upande mmoja wa jirani huyo ulikuwa umeungua hadi mfupani. Matumbawe hupigania nafasi, na Galaxea ni mgomvi anayejulikana; katika tangi dogo hakuna umbali wa kutosha kumtenga. Duka lilimpokea tena na kunipa nusu ya bei kama salio la kununulia vitu vingine dukani humo, lakini ile Caulastrea ilikuwa hasara yangu.

Katika kuhudumia mteja baada ya mauzo, hata hivyo, sijaona mfano wake. Hupima maji bure. Mwezi wa tano vipandikizi vyangu vilianza kujikunja, nami nilikuwa na hakika kwamba alkali iko 8 kwa kipimo cha dKH wanachotumia wafugaji. Yeye alipopima alipata 6.5, akaigeuza chupa yangu ya kupimia na kunionyesha tarehe iliyokwisha kupita. Alinishauri kuipandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi 8, kuiweka kalsiamu karibu na miligramu 420 kwa lita na magnesi karibu na 1,300, na kutoihangaikia naitreti mpaka ifike sifuri, kwa sababu tumbawe hufa njaa katika maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Ushauri mwingine ulinifedhehesha. Kwa wiki mbili nilikuwa najazia maji yenye chumvi kila yalipopungua, wakati kinachopanda hewani ni maji matupu na chumvi hubaki nyuma. Lita moja tu ikikauka katika 60, chumvi hupanda kutoka 35 hadi 35.6 kwa elfu. Nami nikizidi kuongeza chumvi juu ya chumvi, kipimo cha uzito wa maji yenye chumvi, yakilinganishwa na maji matupu, kilifika 1.030 badala ya 1.025. Siku hizi najazia maji yaliyoondolewa madini, kila asubuhi, na kubadilisha lita sita zenye chumvi kila wiki.

Kila anayenunua Zoanthus hupewa glavu na karatasi ya maelekezo, kwa kuwa baadhi ya jamaa zake wa karibu wana palitoksini, sumu kali ambayo mwaka 2018 iliwapeleka watu hospitalini huko Steventon, Oxfordshire, baada ya tumbawe kutolewa kwenye tangi. Karatasi hiyo hiyo inakutaka uchovye kila kipande katika dawa kabla ya kukiingiza tangini. Mimi niliwahi kupuuza hatua hiyo kwa kipande kilichotoka duka jingine, na wiki ya tatu nikamkuta koa mdogo amevaa rangi ileile ya Zoanthus aliyokuwa akiila, nisingemwona asingetembea.

Duka hufunguliwa Alhamisi hadi Jumamosi tu, na bei zake zinazidi kidogo zile za wauzaji wa mtandaoni. Mwezi uliopita nilikata vichwa vitatu kutoka kwenye ile Duncanopsammia ya kwanza, ambayo sasa ina vichwa kumi na vinne, nikampelekea mwenye duka ndani ya kopo la mtindi. Alitazama ukingo wa kila kimoja kwa tochi nyeupe, bila kusema kitu, kisha akanikatia pauni 18 kwenye bei ya ndoo ya chumvi. Nilipouliza habari za Acropora, aliniuliza alkali yangu imekuwaje wiki baada ya wiki.