Feriki kloridi kwenye bapa la springi: dawa nzuri inayoumbua

Feriki kloridi ni kemikali inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, maana kazi yake hasa ni kula shaba kwenye bodi za saketi. Kwa mtengeneza visu, hulipatia bapa la chuma cha kaboni rangi ya kijivu kizito kisichong'aa, isiyobanduka kama rangi ya kupuliza. Kisu kilichotoka kwenye springi ya lori kinapendeza zaidi hivi kuliko kikisuguliwa kama kioo, kwani kioo hicho kitaanza kutu wiki hiyohiyo.

Ukipata vipande vya manjano, tia gramu 100 kwenye nusu lita ya maji. Unga mweusi mkavu ni mkali zaidi: gramu 100 kwa lita nzima, na hutoa joto kali ukigusana na maji. Maji hutangulia chomboni, unga hufuata kidogokidogo, kamwe si kinyume. Tumia chombo cha plastiki, glovu na miwani. Sufuria ya alumini itatoboka. Maji ya kuongezea betri yanafaa, ila soma chupa vizuri usije ukauziwa asidi.

Rangi ikitoka vibaya, dawa yenyewe haina lawama. Lawama ni ya maandalizi, kwa sababu haifichi kitu. Springi ikishachomwa na kuzimwa kwenye mafuta hubaki na magamba, na chini yake ngozi nyembamba iliyopoteza kaboni. Usipoisaga yote, bapa litatoka na mabaka meupe kama chapati iliyoiva upande mmoja. Mikwaruzo ya msasa namba 120 nayo hujitokeza waziwazi. Panda 220, kisha 400, umalizie 600 ukivuta upande mmoja tu, kutoka mpini kwenda ncha. Kupita hapo ni kujichosha bure. Osha kwa sabuni, futa kwa asetoni, halafu usiliguse tena kwa mkono mtupu: alama ya kidole gumba itachorwa palepale.

Lining'inize ndani ya dawa kwa uzi wa nailoni, si waya. Dakika 5, toa, futa masizi meusi kwa kitambaa, rudisha. Mara 3 zinatosha. Ukilisahau humo nusu saa, tarajia vishimo. Kisha lizamishe dakika 10 kwenye lita ya maji yenye vijiko 3 vya bikabonati ya soda, ile ya kuokea. Hapa ndipo wengi huharakisha, na asubuhi wanakuta kutu ya chungwa ikichuruzika kwenye matundu ya ribiti, ambako dawa ilijificha. Kwa hiyo mpini hufungwa baadaye, na makali hutiwa mwisho kabisa, maana dawa huyala pia.

Kwa kisu cha jikoni, ndimu na nyanya zitabadilisha rangi hiyo baada ya muda. Asiyetaka kemikali aloweke bapa kwenye kahawa nzito ya unga kwa saa kadhaa. Weusi huja polepole lakini nguo zinasalimika, tofauti na feriki kloridi ambayo doa lake halitoki hata kwenye saruji. Kwa chuma kisichoshika kutu, usihangaike: kromi iliyomo hukataa na matokeo huwa ya madoadoa.

Mchanganyiko hutumika tena na tena. Uhifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha plastiki, mbali na zana; mvuke wake hushikisha kutu tupa na drili zilizo rafu moja nao.